Mlango wa Kutokea: Namna Tunavyowaondoa Wakubwa wa Nchi



Kila baada ya miaka mitano wananchi hufundishwa namna ya kuwaingiza viongozi madarakani. Mikutano huitishwa, vituo vya kura hutangazwa, na kila mmoja huelezwa wajibu wake. Ni nadra sana, hata hivyo, mwananchi kufundishwa upande wa pili wa jambo hilo. Kiongozi mkubwa, ambaye cheo chake kimetajwa na Katiba yenyewe, huondolewa vipi kabla ya wakati wake? Nani ana mamlaka ya kumwondoa? Kwa sababu zipi? Na je, sababu hizo ni lazima zisemwe hadharani?

Makala hii inatetea jambo moja tu. Pale ambapo Katiba imekiwekea cheo mlango maalumu wa kutokea, mwenye cheo hicho atoke kwa mlango huo na si kwa mwingine. Atoke mchana, watu wakiona, na sababu zikisomwa. Utaratibu huo haukuwekwa ili kumbembeleza mkubwa. Uliwekwa kwa ajili yetu sisi wadogo, ambao fedha zetu na haki zetu ziko mikononi mwake.

Jambo tunalolijua vijijini

Sisi wa Kabwe na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika, pamoja na ndugu zetu wa nyanda za juu za Ufipa, hatuhitaji kwenda chuo kikuu ili kulielewa jambo hili. Mtunza fedha wa kikundi cha wavuvi akishukiwa kula fedha za wenzake, wanakikundi wenye busara hawamwondoi kwa minong'ono ya usiku. Kikao huitwa, daftari hufunguliwa, mtuhumiwa hupewa nafasi ya kusema, kisha wajumbe huamua. Akionekana na kosa, hutoka na deni lake likijulikana. Akionekana hana kosa, hubaki, na mchongezi huona haya.

Kikundi kikimfukuza bila kulifungua daftari, mambo mawili hubaki gizani. Ikiwa aliiba, hatutajua aliiba kiasi gani wala aligawana na nani. Ikiwa hakuiba, hatutajua ni nani aliyetaka aondoke, na alikuwa anaficha nini. Kwa njia zote mbili anayepata hasara ni mwanakikundi, na anayenufaika ni mwizi. Nikodemo aliwakumbusha wenzake barazani kwamba mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Maneno yale yalimtetea mtuhumiwa, lakini yaliwatetea pia wote ambao kesho wangeweza kuketi mahali pake.

Milango iliyomo katika Katiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, pamoja na marekebisho yake, haikuwaweka viongozi wote katika kapu moja. Wapo wanaoshika kazi kwa ridhaa ya aliyewateua. Waziri ni mmoja wao; Rais anaweza kumwondoa leo na kumteua mwingine kesho. Hilo si kosa, kwa kuwa waziri ni msaidizi wa Rais.

Wapo wengine ambao Katiba imewazungushia ua, kwa sababu kazi yao huwalazimu wakati mwingine kuwaudhi wenye nguvu.

Rais mwenyewe anaweza kuondolewa na Bunge chini ya Ibara ya 46A. Taarifa ya maandishi, iliyotiwa saini na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, hupelekwa kwa Spika siku 30 kabla ya kikao. Theluthi mbili ya wabunge wote wakikubali, huundwa Kamati Maalumu ya Uchunguzi ambayo Mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu wa Tanzania, na Jaji Mkuu wa Zanzibar akiwa mjumbe. Rais hupewa nafasi ya kujitetea. Baada ya hapo theluthi mbili huhitajika tena ili aondoke.

Waziri Mkuu huondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani chini ya Ibara ya 53A. Spika huondolewa kwa azimio la theluthi mbili ya wabunge wote. Jaji hawezi kuondolewa ila kwa kushindwa kazi au kwa mwenendo mbaya, na ni lazima Tume ya majaji imchunguze kwanza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi wetu tunamwita CAG, analindwa na Ibara ya 144. Ibara hiyo inasema ataacha kazi akitimiza umri uliowekwa. Kabla ya hapo anaweza kuondolewa tu kwa kushindwa kazi au kwa tabia mbaya, na Rais akiona suala hilo lichunguzwe, atateua Tume yenye Mwenyekiti na wajumbe wengine wasiopungua wawili. Mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe wawe majaji, au watu waliopata kuwa majaji, katika nchi ya Jumuiya ya Madola. Tume ikishauri aondolewe, ataondolewa. Ikishauri asiondolewe, atabaki.

Wengine Katiba imewafungia ua nusu. Ibara ya 74 inataja sababu za kumwondoa mjumbe wa Tume ya Uchaguzi, nazo ni kushindwa kazi, tabia mbaya na kupoteza sifa. Lakini haitaji Tume yoyote ya majaji itakayopima kama sababu hizo ni za kweli. Ua wenye nguzo bila fito hauzuii mbuzi.

Mwenye daftari la Taifa

Kati ya vyeo hivi vyote, cha CAG ndicho kilicho karibu zaidi na maisha yetu, ingawa wengi wetu hatujapata kumwona anayekishika. Hesabu za Halmashauri ya Wilaya ya Nkasi hukaguliwa chini ya mamlaka yake. Bandari iliyojengwa hapa Kabwe ilijengwa kwa fedha za umma, na shirika lililoijenga liko chini ya ukaguzi wake. Dawa zilizolipiwa na hazikufika zahanati, barabara iliyolipiwa mara mbili, mshahara wa mtu aliyekwisha kufariki: mambo kama hayo huonekana kwa sababu kuna mtu aliyeruhusiwa kufungua kila daftari. Ibara ya 143 inasema wazi kwamba katika kazi hiyo halazimiki kufuata amri ya mtu mwingine yeyote.

Watu wa Rukwa tuliwahi kuona nguvu ya daftari hilo. Mwezi Aprili 2012, baada ya ripoti za CAG kusomwa na kujadiliwa, wabunge walianza kukusanya saini ili kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda, eneo lililokuwa sehemu ya mkoa wetu mpaka Katavi ilipoanzishwa mwaka huo huo. Hoja ile haikufika kwenye kura. Hata hivyo, mwezi Mei Rais Jakaya Kikwete alibadili Baraza la Mawaziri, na mawaziri kadhaa wakaachwa nje. Mtu anaweza kukubali au kukataa kwamba Waziri Mkuu alistahili lawama ile. Lililo wazi ni kwamba Bunge lisingekuwa na la kusema kama mkaguzi asingekuwa na uhuru wa kuandika.

Kisa cha mwaka 2019

Profesa Mussa Assad aliteuliwa kuwa CAG mwaka 2014. Ripoti yake iliyotolewa Aprili 2018 ilizua mjadala mkubwa juu ya shilingi trilioni 1.5, nayo Serikali ilitoa maelezo yake. Mwishoni mwa mwaka huo, akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa mjini New York, alisema kwamba kutoshughulikiwa kwa taarifa za ukaguzi kunaonyesha udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Haki, Maadili na Madaraka, akaitikia wito. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye.

Hapa mtu angetarajia mlango wa Ibara ya 144 ufunguliwe. Kama maneno ya Mkaguzi yalikuwa ni tabia mbaya, iundwe Tume, majaji wakae, asikilizwe, na uamuzi utolewe. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa Novemba 2019 Rais, hayati John Magufuli, alimteua Bwana Charles Kichere kushika nafasi hiyo. Wananchi walielezwa kwamba kipindi cha Profesa Assad kilikuwa kimekwisha. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Kwa haki, hoja ya Serikali nayo inapaswa kuelezwa. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, katika kifungu cha 6(1), ilisema CAG atashika kazi kwa miaka mitano, na anaweza kuongezewa kipindi kimoja. Kwa hoja hiyo hakuna aliyeondolewa. Kipindi kilikwisha, nacho hakikuongezwa.

Mheshimiwa Zitto Kabwe alikwenda Mahakama Kuu kupinga jambo hilo. Tarehe 5 Desemba 2022 majaji watatu wa Mahakama hiyo walitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Ibara ya 144(1) ya Katiba, na kwamba kumwondoa Profesa Assad kwa njia ile hakukuwa halali kikatiba. Mahakama haikubatilisha uteuzi wa aliyemfuata.

Mantiki ya hukumu ile inaeleweka hata kwa asiyekuwa mwanasheria. Katiba imesema CAG hukaa mpaka umri fulani, au mpaka Tume imwone na kosa. Sheria ndogo haiwezi kufungua mlango wa tatu nyuma ya nyumba. Mkaguzi anayejua kwamba baada ya miaka mitano atasubiri huruma ya anayemkagua, atashika kalamu kwa mkono unaotetemeka. Hata akiwa mtu shupavu na asitetemeke, sisi tunaosoma ripoti yake tutabaki na shaka.

Tuangalie pia muda uliopita. Kuanzia kuondolewa mpaka hukumu ilichukua miaka mitatu na mwezi mmoja. Mkaguzi hakurudi ofisini, na kosa lake, kama alikuwa nalo, halijachunguzwa na Tume ya majaji mpaka leo. Daftari lilifungwa bila kufunguliwa.

Mlango wa nyuma hauchagui

Wenye madaraka wanaoufurahia mlango wa nyuma wakati mwingine anapopitishwa, wangefaa kukumbuka kwamba mlango huo hauchagui. Spika wa Bunge lililoazimia kutofanya kazi na Mkaguzi alikuwa marehemu Job Ndugai. Mwishoni mwa mwaka 2021 alitoa maneno ya kuikosoa Serikali juu ya mikopo ya nchi. Alisakamwa ndani ya chama chake, akaomba radhi hadharani, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Hakuna azimio la theluthi mbili lililoletwa. Hakuna mbunge aliyesimama ukumbini kueleza kosa la Spika, wala yeye hakujitetea mbele ya wale waliomchagua kukalia kiti kile. Ukumbi wa Bunge, ambao ndio mlango wake wa kikatiba, haukuhusika.

Jambo hili si la jana wala juzi. Januari 1984 Rais wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, aliacha nyadhifa zake katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM mjini Dodoma, kufuatia mabishano juu ya muundo wa Muungano. Wananchi wa Zanzibar, ambao alikuwa Rais wao, walipokea habari tu.

Kung'atuka kwa hiari, kama Mwalimu Nyerere alivyofanya mwaka 1985, ni heshima kwa mtu na kwa nchi. Kujiuzulu kwa kuwajibika, kosa likiwa limesomwa hadharani, nako kuna heshima yake. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge kusoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na taifa zima likiisikiliza. Lakini kujiuzulu kwa kusukumwa na kikao ambacho mwananchi hakioni, kwa sababu ambazo hazikupimwa na yeyote, ni jambo la aina nyingine kabisa.

Majirani zetu

Kenya imetuonyesha mazuri na ya kuonya. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012, mlinzi mmoja wa kike katika jengo la maduka jijini Nairobi alilalamika kwamba Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, alimdhalilisha na kumtishia. Malalamiko ya mlinzi huyo hayakufukiwa. Tume ya uchunguzi iliundwa, na Mwenyekiti wake alikuwa Mtanzania, marehemu Jaji Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu kuanzia 2007 hadi 2010. Mashahidi walisikilizwa hadharani, mtuhumiwa akajitetea kwa mawakili, na Agosti 2012 Tume ikashauri aondolewe. Mwezi Oktoba alijiuzulu. Mlinzi wa mlangoni alipimwa kwa mizani ile ile na mmoja wa wakubwa wa Mahakama. Huo ndio uzuri wa mlango wa mbele: humruhusu mdogo kuingia na shauri lake.

Oktoba 2024 Kenya ilimwondoa Naibu Rais, Rigathi Gachagua. Bunge la Taifa lilipiga kura tarehe 8, na Seneti tarehe 17, ikithibitisha mashtaka matano kati ya kumi na moja. Mashtaka yalichapishwa, wananchi waliulizwa maoni katika kaunti, na vikao vilionekana na wote. Hata hivyo wengi walilalamikia haraka iliyotumika, na kwamba Seneti iliendelea wakati mtuhumiwa ikiripotiwa kwamba amelazwa hospitalini. Fundisho ni kwamba utaratibu mzuri peke yake hautoshi. Wanaouendesha wanatakiwa kuwa na nia ya kusikiliza. Lakini tukumbuke kwamba Wakenya waliweza kulalamikia haraka ile kwa sababu waliiona. Asiyeona hana hata la kulalamikia.

Wanaosema taratibu hizi zinawalinda waovu

Baadhi yetu watauliza: je, milango hii mirefu haiwasaidii wezi? Tangu mwaka 2015 neno "kutumbua" lilipoingia midomoni mwa watu, wengi walishangilia mkubwa alipoondolewa jukwaani, papo hapo. Furaha ile inaeleweka. Mtu aliyesubiri dawa zahanati mwaka mzima hana subira na Tume.

Lakini tujiulize kilichofuata baada ya makofi. Mkubwa aliyeondolewa bila kosa lake kuthibitishwa huweza kurudishwa kwa cheo kingine kimya kimya, maana hakuna kilichoandikwa dhidi yake. Fedha, kama zilipotea, hazirudi, maana hakuna aliyezihesabu. Na mwaminifu aliyebaki ofisini hujifunza kwamba usalama wake haumo katika uaminifu, bali katika kupendeza. Kwa namna hiyo tunawatisha wema na kuwaacha waovu wakijifunza kupendeza vizuri zaidi.

Tena Tume ya majaji haihitaji kuchukua miaka. Ibara ya 144 inamruhusu Rais kumsimamisha kazi CAG wakati uchunguzi ukiendelea. Kwa hiyo anayeshukiwa kwa haki hawezi kuendelea kuharibu ushahidi, na anayeonewa ana mahali pa kusemea. Cheo ni dhamana, na dhamana haikabidhiwi wala hainyang'anywi bila hesabu.

Tunachoomba

Nchi yetu imekuwa ikizungumzia Katiba mpya tangu mwaka 2011, na zoezi lile lilisimama kabla ya kura ya maoni iliyokuwa ifanyike Aprili 2015. Wakati wowote mazungumzo hayo yatakaporudi, mambo manne yasisahauliwe.

Kwanza, CAG awe na kipindi kimoja kirefu kilichotajwa ndani ya Katiba yenyewe, kisichoongezwa na mtu yeyote, ili asiwe na cha kutumaini wala cha kuogopa kutoka kwa anayemkagua.

Pili, wajumbe wa Tume ya Uchaguzi wapewe ua ule ule wa Tume ya majaji.

Tatu, kila anapoondoka mwenye cheo kinacholindwa na Katiba, hata kwa kujiuzulu, sababu zitolewe kwa maandishi na zichapishwe.

Nne, mashauri yanayohusu kuondolewa kwa viongozi wa namna hiyo yapewe muda maalumu mahakamani. Hukumu inayofika baada ya miaka mitatu huwafundisha wanafunzi wa sheria, lakini haimrudishi mkaguzi kwenye daftari lake.

Wala tusingoje Katiba mpya ili kuanza. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wetu. Tukizoea kudai mapato na matumizi yasomwe, tukizoea kumsikiliza anayeshutumiwa kabla ya kumwondoa, na tukikataa kumfukuza mtu kwa minong'ono, tutakuwa tumejenga tabia ambayo siku moja itafika Dodoma. Taifa haliwezi kuwa na desturi ambayo vijiji vyake havina.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika kijiji au kikundi chetu, kiongozi wa mwisho kuondolewa alitoka kwa mlango gani? Je, alisikilizwa? Daftari lilifunguliwa?

2. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za Halmashauri yetu inasema nini juu ya kata yetu? Nani kati yetu atamwomba Diwani atusomee?

3. Tukisikia kwamba mkubwa fulani ameondolewa, ni maswali gani matatu tunapaswa kuuliza kabla ya kushangilia au kusikitika?